Isale Nililolikataa

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa makusudi, maana unakumbuka ilivyotuumbua siku ile.

Jumamosi hii padri anakuja kubariki kaburi lako, na Shangazi ameshautangazia ukoo mzima: nisipokuja na jani la isale lililofungwa fundo, nikapiga magoti na kukuomba radhi, nisikanyage kihamba, shamba letu la ukoo. Anasema uliondoka na kinyongo kwa sababu nilikukatalia mbele ya watu. "Isale halikataliwi," ananiambia kwenye simu, kila akipiga. Najua halikataliwi. Kwetu, aliyekukosea akija na isale unasamehe, hata kama alimwaga damu ya ndugu yako. Nimemjibu kwamba radhi siombi. Akakata simu.

Nakuandikia wewe, na wengine wakisoma wasome, kwa kuwa Shangazi aliondoka jikoni kabla jambo halijaisha, na tangu hapo anasimulia nusu.

Babu alipofariki ulikuwa Nairobi na karakana yako ya vitanda na makabati, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha pili huko huko. Lakini wewe ulikuwa kitinda mimba, na nyumba ya wazazi huachiwa kitinda mimba. Hukuniuliza. Ulikuja mezani ukasema, "Januari tunarudi nyumbani." Nikauliza nyumbani ni wapi, maana mimi huku nilikujua kama mahali pa Krismasi, pa kula kiburu cha ndizi na maharage na kupigwa picha na binamu. Mama akanikata jicho.

Kwa hiyo nikaanza kidato cha tatu nikiwa mgeni katika nchi yangu. Kule waliniita Mtanzania. Huku nilipofungua mdomo tu nikawa Mkenya.

Siku ya kwanza tuliingia ofisini kwa mkuu wa shule, nami nikamnyooshea mkono kwa furaha zote: "Habari ya asubuhi, mwalimu!" Ukanikanyaga mguu. Mkuu aliutazama mkono wangu, akauacha hapo hapo hewani, akakugeukia.

"Mzee, huko mlikokuwa watoto hawasalimii wakubwa?"

"Wanasalimia, mwalimu. Atazoea."

"Vibali vya uhamisho tutavifuatilia. Ila nakushauri huyu arudi kidato cha pili. Somo la uraia hajawahi kuliona, na historia aliyosoma ni ya kwa wenzetu. Mtihani wa taifa utamwaibisha."

Ukasema, "Sawa, mwalimu." Uliitikia haraka mno, Baba. Ndipo nikasema, "Shikamoo, mwalimu. Lakini mimi sirudi nyuma." Mkuu akacheka hadi akavua miwani. Akasema basi, nijaribu hadi mtihani wa Juni, nikishindwa nishuke mwenyewe bila kusukumwa.

Ukweli ni kwamba alikaribia kupatia. Jaribio la kwanza la uraia waliuliza habari za serikali za mitaa, nami nikajaza kaunti na magavana palipotakiwa kata na watendaji. Niliandika kwa kujiamini, kurasa nzima. Mwalimu aliyasoma majibu yangu mbele ya darasa, na mmoja akauliza kama gavana wa kata yetu anakaa upande gani wa mfereji. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nikalia nyuma ya zizi, nikidhani hakuna anayenisikia zaidi ya ng'ombe.

Wewe ulisikia. Jioni ile tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mimi, Mama, Bibi na Shangazi aliyekuja kutusalimu. Ukaingia na panga mkono mmoja na shina la isale mkono wa pili, umelikata mpakani, jani la juu umelifunga fundo. Ukapiga goti mbele yangu. Baba mzima, mbele ya mama yako mzazi.

"Mwanangu, nimekukosea. Nimekung'oa katikati ya masomo yako bila kukuuliza. Pokea."

"Yeleuwi!" Shangazi akashika kichwa. "Baba anampigia mtoto goti?" Kisha akanigeukia. "Haya, pokea upesi, baba yako asikae chini!"

Mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi. Niliitazama, nikalitazama lile fundo, na hasira iliyonipanda haikuwa ya kukuchukia. Ilikuwa hasira ya kuzikwa nikiwa hai.

"Sipokei, Baba," nikasema. "Hili hupewa mtu aliyeharibiwa. Mimi sijaharibika. Nikilipokea, mimi na wewe tutakuwa tumekubaliana kwamba nimeshafeli."

Shangazi alichukua kanga yake akatoka, akisema mtoto wa Nairobi ataiua nyumba hii. Hadithi yake inaishia hapo.

Yaliyofuata anayajua Mama, na Bibi aliyajua hadi alipotutoka. Ulikaa kwenye kigoda, ukalizungusha lile shina mkononi, nami nikaanza kuogopa. Halafu mabega yako yakaanza kutikisika. Nilidhani unalia. Kumbe unacheka, unacheka hadi Bibi naye akaambukizwa, akawa anajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Kichwa hiki ni cha babu yako mtupu," ukasema. "Sasa hili nilitupe?"

"Halitupwi. Tulipande."

Tukatoka sote wawili kwenda mwisho wa migomba. Ulichimba kwa panga, nikalishika likae wima, nawe ukaushindilia udongo kwa kisigino. "Haya, mbishi," ukaniambia, "tuone nani atashika mizizi kwanza."

Kuanzia hapo zizi likawa darasa. Mimi nakamua, wewe umeshika kitabu cha uraia, unaniuliza mtendaji wa kata anaajiriwa na nani, na nikikurudishia swali unageuza ukurasa kwa siri, kana kwamba sikuoni! Hukujua lolote. Ulikuwa umekaa ugenini hadi nchi yako ikakupita, ukaanza kuisoma upya kwenye harufu ya samadi. Juni sikuwa wa kwanza wala wa mwisho, na mkuu hakusema tena habari za kushuka. Mtihani wa kidato cha nne nilifaulu, na uraia ukiwemo.

Usidhani nakupamba kwa kuwa umekufa. Ulipaswa kuniuliza, na hilo nilikwambia ukiwa hai. Wenzangu wa Nairobi walipomaliza kidato cha nne walikwenda moja kwa moja chuo kikuu, mimi nikiwa bado nina cha tano na cha sita mbele yangu. Rafiki yangu alinitumia picha yake chuoni, akauliza, "Kwani bado uko na sare?" Iliniuma, na jioni ile sikukusemesha. Lakini Jumapili niliifua sare, nikaipiga pasi, na Jumatatu nikaivaa. Leo nafanya kazi maabara mjini, nakaa mtaa wa Pasua, na hakuna anayeniuliza niliingilia mlango gani.

Nimekukumbuka sana, Baba. Nikikamata kitabu chochote chenye maswali nakusikia ukigeuza ukurasa.

Na Shangazi nampenda, mila zake nazo naziheshimu. Kwa sababu naziheshimu, sitamshikia marehemu isale la uongo. Radhi huombwa palipo na kosa, na kukataa kuhesabiwa nimeshindwa hakukuwa kosa. Wewe ulilijua hilo. Ulipozidiwa ulituonyesha mwenyewe pa kukulaza: "Pale, chini ya isale la yule mbishi." Shangazi hakuwepo. Anadhani lilijiotea.

Kwa hiyo Jumamosi nitapanda kuja huko juu mlimani. Nitampa Shangazi shikamoo yake kamili, kisha nitapita mbele ya ukoo mzima mikono mitupu. Akiniuliza isale liko wapi, nitamwonyesha: lipo kichwani pa kaburi lako, limenizidi urefu, na tulilipanda pamoja.

Pumzika, Baba. Tutaonana hapo hapo mwisho wa migomba.

Ni mimi binti yako mbishi,
ambaye hakurudi nyuma.