Kikohozi cha Mahakamani

Makole, Dodoma
9 Machi 1994

Mwanangu Anjelina,

Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua na hili vumbi letu, unalijua. Miguu yako je, bado inavimba? Na mkwe wangu Henry, anakula vizuri?

Barua yako ilinifurahisha mpaka majirani wakauliza kuna nini. Mtoto wa kwanza! Na wa kukukanda maji ya moto ni mimi, si mwingine. Mwezi wa tano nitapanda treni nije Tabora, nikae mpaka unifukuze. Yudith, mwenzangu, nimeshamwambia akishike kikundi chetu cha kusindikiza wanyonge mahakamani. Miaka yote hii nimekaa na wajane, wazee na walemavu kwenye mabenchi ya mahakama, sasa nimechoka mpaka mifupa.

Imebaki kesi moja tu. Ni ya Dorkasi, mama asiyeona, aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri. Siku hizi za ruksa viwanja vya Ipagala vimekuwa dhahabu, basi shemeji yake Mazengo kakiuza kiwanja cha Dorkasi kwa mfanyabiashara, anadai Dorkasi mwenyewe aliweka dole gumba kwenye hati. Uongo mtupu. Wengine huwa nawaambia, "Ukiogopa, niangalie mimi." Huyu ataangalia nini? Basi tumepatana kwamba akikwama nitakohoa kidogo, ajue nipo. Mwezi wa nne tunamaliza.

Mama yako,
Dorothea

Tabora
27 Machi 1994

Mama, shikamoo.

Pole na kifua. Kunywa tangawizi, na usiwape watu wako yote kama kawaida yako. Miguu bado inavimba. Henry anakula kuliko mimi mwenye mimba.

Nilicheka niliposoma "kesi moja tu". Nikiwa darasa la pili ulisema hivyo hivyo, nikalala kwenye benchi la mahakama, kichwa mapajani mwa mjane nisiyemjua. Siku ya harusi yangu ulifika kanisani ukitokea huko huko, na wimbo wa kuingilia ulishaimbwa. Sikulaumu, mama. Walikuhitaji.

Ila safari hii naogopa kweli. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya na damu yangu iko juu. Mama mkwe ni mtu mwema, lakini siwezi kulia mbele yake. Njoo tu. Sitaki zawadi, sitaki kitu kingine chochote.

Mwanao,
Anjelina

Makole, Dodoma
11 Mei 1994

Mwanangu mpendwa,

Unaendeleaje? Damu imeshuka? Ninakuuliza nikijua kwamba ungependa kunijibu ana kwa ana, na mimi bado niko hapa.

Yamenikuta. Siku ya Dorkasi kifua kilinibana tangu asubuhi. Wakili wa yule mnunuzi akamuuliza, "Dole hili ni lako?" Dorkasi akakwama, anatafuta maneno. Hapo hapo kikohozi kikanishika, cha kweli, si cha makubaliano. Yeye akadhani ninamtia moyo, akasema kwa sauti, "Si langu!" Wakili akanigeukia. Akauliza tena swali jingine, nikakohoa tena, nimeziba mdomo kwa kitenge, sikuweza kuzuia. Dorkasi akajibu tena. Wakili akaruka: "Mheshimiwa, yule mama anampa shahidi majibu!"

Hakimu akamuuliza Dorkasi kama ni kweli tuna alama. Na Dorkasi hajui kudanganya. Akasema, "Ndiyo, mama hunikoholea."

Ushahidi wake wote umefutwa. Kesi inaanza upya kwa hakimu mwingine, na mimi nimeamriwa nisitoke Dodoma mpaka nijieleze. Kila nikienda, karani anasema jalada halijafika. Nimewatoa watu wangapi kwenye mikono ya wakubwa, leo nazunguka korido kama kuku aliyefungwa mguu. Nina hasira, Anjelina, na nina aibu. Usiache kuniandikia.

Mama yako,
Dorothea

Makole, Dodoma
20 Juni 1994

Anjelina mwanangu,

Hujambo? Sijapata barua yako tangu ile ya Machi. Nisalimie Henry na mama mkwe.

Leo hakimu mpya amenisikiliza. Kasema sina kosa, niko huru kusafiri. Nilirudi nyumbani mbio, nikafunga begi, vitenge vya mtoto nikaviweka juu. Jioni Dorkasi akaja, ameshikwa mkono na jirani. Anasimama tena Jumatano ya wiki ijayo. Nikamwambia Yudith atakuwepo. Akasema, "Yudith simjui, mama. Bila wewe sisemi, wakichukue tu kiwanja." Akakaa chini mlangoni, na mimi nimesimama na begi mkononi.

Nimelifungua begi. Nivumilie hiyo wiki moja. Mimba ya kwanza huchelewa, wewe mwenyewe ulichelewa.

Mama yako,
Dorothea

Tabora
4 Julai 1994

Mama, shikamoo.

Natumaini kifua kimepona na Dorkasi alisema vizuri Jumatano. Sisi tu wazima. Nimejifungua mtoto wa kike, Jumapili ya tarehe 26, kwa kisu. Damu ilinitoka nyingi. Nilikuita kwa kelele, nesi akaniuliza mama yako yuko wapi. Nikamwambia mahakamani. Akasema, "Maskini, kashtakiwa nini?"

Maji ya moto ananikanda mama mkwe. Nililia mbele yake, naye akanifuta machozi. Sasa nimemzoea. Kwa hiyo usihangaike na treni kwa ajili ya hilo.

Henry alitaka mtoto tumpe jina lako, kama ilivyo desturi ya kwetu. Nikakataa. Tumemwita Dorkasi. Nataka awe na jina la mtu ambaye wewe huwezi kumwacha.

Ana nywele nyingi na ananyonya vizuri. Ukipata nafasi, utamkuta.

Mwanao,
Anjelina