Mama, Bafu Lako Tumelichora Upya

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje? Na usingizi unaupata, au bado unaamka kila ukijigeuza? Mimi huku mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya kushona mapazia inakwenda, na Kariakoo ni ileile, watu wamejaa mpaka unapita ubavu ubavu.

Najua Bi Zuhura ndiye anayekusomea, kwa hiyo naye apokee shikamoo yake. Bi Zuhura, wewe ndiye uliyemwinua mama yangu siku ile alipoteleza bafuni, ukamfunga kanga, ukakaa naye mpaka gari likapatikana. Sijui nikushukuru vipi. Ila nakuomba usiruke mstari hata mmoja, hasa ile ambayo Mama atakwambia uiruke.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu, Mama, huwa unaitikia "sawa, sawa mwanangu" ili nimalize upesi urudi kwenye mambo yako. Barua itabidi uisikilize.

Ulipotoka hospitali, Kaka Hamisi alisema neno lake, kwamba uihame Mikindani uje ukae naye Buguruni, maana bafu lile la uani litakuumiza tena. Nawe ukasema lako, kwamba nyumba ile Baba aliijenga kwa mikono yake na hutoki. Nikabaki katikati yenu, sina raha. Mwisho nikamwomba Kaka anipe nafasi nipange namna ya kulitengeneza bafu. Nikimridhisha, unabaki kwako. Nikishindwa, namsaidia kukushawishi uhame. Akakubali, ila kwa uso wa mtu asiyetegemea kitu.

Basi nikaanza kutafuta. Kila nikifunga mashine jioni, nazunguka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na nikirudi chumbani naangalia picha kwenye simu. Mabafu mengine, Mama, yana sinki la kuogea ambalo ukilijaza maji unamaliza kisima kizima. Nilichokipenda zaidi ni marumaru nyeupe zinazong'aa. Muuzaji akanipamba: "Dada, hii ukiipiga deki unajiona uso." Nikarudi nyumbani nimeshazichagua moyoni.

Aliyenizindua ni mwenye nyumba wangu, Mama Bhavna, yule mama wa Kihindi niliyewahi kukusimulia, anayekaa ghorofa ya juu na mama mkwe wake mzee. Nilikuwa namsifia zile marumaru pale ngazini, akanikatiza.

"Uso ataangalia kwenye kioo. Chini anataka mguu ushike. Hebu njoo."

Akaniingiza bafuni kwake! Mwenye nyumba kumwonyesha mpangaji bafu lake, uliona wapi? Sakafu yao ina mkwaruzo kidogo, haitelezi, haina kizingiti cha kujikwaa, na ukutani kuna chuma cha kushikia. Yule bibi mwenyewe, ambaye wote wanamwita Ba, akaja akashika chuma, akakaa, akasimama, akakaa tena, huku anacheka, ili nielewe. Kisha wakaninywesha chai ya tangawizi. Nilishuka ngazi moyo umejaa, Mama. Watu wale hawakujui, lakini walikuhurumia.

Nikamtafuta fundi kule mtaa wa Gerezani, Shija, mtu wa Mwanza, akachora kwa vipimo alivyonitumia Bi Zuhura. Lile birika la maji alilolijenga Baba humo bafuni nilimwambia lisiguswe. Utaendelea kuchota maji kwa kata yako kama siku zote. Choo cha kukaa akakiweka kuelekea ukuta wa nyuma, kizuri, na nafasi ya kutosha. Nikaikunja ile karatasi, nikaenda kukutana na Kaka Mnazi Mmoja alipotoka kazini.

Aliitazama muda mrefu. Nikajua leo nimemshinda.

"Si mbaya," akasema. Halafu akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "We Rehema, hivi Mama akiswali anaelekea wapi?"

"Kwenye dirisha la chumbani kwake."

"Haya, nionyeshe upande huo kwenye bafu."

Nikaweka kidole kwenye karatasi, kikaangukia ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimekupangia choo cha kukaa ukiitazama kibla kila siku ya Mungu! Shija ni Mkristo, hakujua. Mimi niliyekua nikiuona mgongo wako kwenye mswala, nilikuwa nimeshikwa na urembo wa marumaru.

"Na asingesema kitu," Kaka akasema. "Angetuambia ahsanteni wanangu, kizuri. Halafu kila siku angejikokota na goti lake kwenda chooni kwa Bi Zuhura."

"Mpaka tuzeeke sisi."

Tukacheka mpaka Kaka akafuta machozi. Bisha kama tumekusingizia, Mama.

Kisha akaniomba penseli. "Kuipa mgongo nako haifai. Kikae ubavu." Akafuta, akachora mwenyewe. Akaondoa kizingiti. Akauliza taa itawekwa wapi. Mtu aliyekuja kunikatalia! Nikamshikia karatasi isipeperuke. Alipomaliza akasema, bila kunitazama, "Nitakwenda na fundi mimi mwenyewe. Mama abaki kwake." Nililia pale pale, watu wanapita. Nimekuwa nikimnung'unikia Kaka tangu uanguke, kumbe naye alikuwa anaogopa tu. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na wewe ukimwona umshukuru.

Sasa imebaki kazi yako. Kwenye kifurushi hiki kuna vipande vitatu vya marumaru. Usivichague kwa rangi. Viweke chini, lowesha miguu, ukanyage kimoja kimoja huku Bi Zuhura amekushika. Kile ambacho mguu wako utakiamini, ndicho tutakachonunua.

La pili ni chuma cha kushikia, kitakachopigwa ukuta ule wa nyuma; mkono wako ndio utakaoamua choo kielekee wapi. Ukikaa ukiliangalia birika, ukuta unakuwa mkono wako wa kulia. Ukikaa ukilipa birika mgongo, unakuwa wa kushoto. Kaka akaniuliza, "Mama akiinuka anajisukuma kwa mkono gani?" Mimi nikasema wa kulia, yeye akasema wa kushoto. Tukabishana. Mikono hiyo imetubeba sote wawili, na hakuna aliyejua.

Msalimie Mjomba Bakari, kaka yako, na umwambie kuku wake wakae mbali saruji ikiwa mbichi. Shangazi Mwajuma, dada wa Baba, mwambie hakuna kitu cha Baba kitakachovunjwa ila kizingiti. Mama Bhavna na Ba wanakusalimu sana, na wifi yangu Tausi, mke wa Kaka, anasema atakuja kukuogesha akupendezeshe bafu likiisha.

Basi Mama, weka kigoda chako bafuni kando ya ukuta ule wa nyuma, ukae ubavu upande unaoupenda, kisha uinuke mwenyewe. Pale mkono wako utakapoenda ukutani, mwache Bi Zuhura achore kwa mkaa, na aandike ni wa kulia au wa kushoto. Najua unavyochukia ukuta mchafu, lakini alama hiyo usiifute. Kaka anakuja kutoboa hapo hapo.

Mwanao akupendaye,
Rehema