Hodi ya Baba Yako

Ruanda, Mbozi

Mjukuu wangu Neema,

Barua yako imenifikia, nami nashukuru kwamba huko Mwanza mko wazima. Huku kahawa imetoa maua. Shangazi yako amehamia Tunduma kwenye biashara, kwa hiyo siku hizi nasemezana na kuku tu.

Umeniuliza mwanao aende shule ya serikali hapo jirani au ya bweni ya kulipia. Sisi baba yako tulimpeleka bweni akiwa na miaka saba. Shule ilikuwa nzuri, na alisoma kweli. Likizo ya kwanza nilikuwa jikoni, nikasikia hodi. Nikaitika, "Karibu," nikidhani ni mgeni. Kumbe ni yeye, kasimama na sanduku lake la bati, anangoja aruhusiwe kuingia kwao.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hupigi hodi."

Akasema, "Samahani, mama," kama anayemjibu mwalimu.

Sikuchagulii. Mtoto unamjua wewe. Ila Jumapili iliyopita baba yako alikuja kuniona. Ana mvi sasa. Mlango ulikuwa wazi, naye akasimama nje, akapiga hodi.

Nikaitika, "Karibu."

Bibi yako