Sauti ya Mbali Iliyompa Baba Moyo

Al-Khuwair, Maskati
14 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Mwanamize,

Assalaam alaykum. U hali gani, shangazi yangu, na magoti yanakuruhusu kupanda ngazi siku hizi? Huku joto limeshavunjika, tunafungua madirisha tangu asubuhi, na watoto wote hawajambo.

Sasa nije kwa Baba, maana najua ndiyo habari unayoitaka. Ukipiga simu tunakwambia amelala, ukipiga tena yuko msikitini, na wewe si mtoto. Shangazi, kaka yako hajakununia. Tangu kiharusi kile cha Ramadhani, akili yake ni timamu na miguu inamchukua, lakini maneno yanamtoka yamekatikakatika. Jina lako, Mize, likitokea kwenye simu, anapunga mkono tuiondoe. Yeye ndiye aliyetangulizwa kusema katika kila posa ya ukoo wetu. Anaona haya dada yake amsikie anavyobabaika.

Mazoezi yalikuwepo, ila hakuyataka. Bi Ibtihal, mtaalamu wa matamshi anayekuja nyumbani, alimwambia apulize midomo mpaka itetemeke, brrr, kama mtoto mchanga anayecheza na mate, ili ipate nguvu. Baba akamtazama, akavaa kofia yake, akaingia chumbani. Miezi ikapita hivyo hivyo. Nilimbembeleza, nikalia, hata nikamgombeza, Mungu anisamehe. Ukaidi wa nyumba yenu unaujua mwenyewe.

Aliyemweza ni binti yangu Kawthar. Huko chuo kikuu anasomea sauti za lugha, na sasa amezama katika lugha za jamii ya Kitibeti na Kiburma, ambazo baadhi zina konsonanti za nadra kabisa. Wako wanaotamka m na n kwa pumzi tu inayopita puani. Anajizoeza jikoni na sisi tunamcheka. Basi siku moja akaleta rekodi ya Wasangtam, watu wa milima ya Naga huko India. Hao ulimi unagusa meno, kisha midomo inatetemeka, brrr ile ile, na kwao hiyo ni konsonanti kama zilivyo b na t kwetu.

"Babu, nnakuletea mzee mwenzio," akamwambia. "Hebu msikilize."

Alikuwa mzee kweli, sauti nzito, anaeleza mambo ya shamba bila haraka, na kila mara midomo yake inatetemeka katikati ya maneno. Waliokuwa naye wanamwitikia kwa adabu. Baba akanyoosha kidole: irudiwe. Ikarudiwa, na tena. Kisha akaweka kikombe cha kahawa chini, akajaribu. Mate yakaruka mpaka kwenye sahani ya halua! Mimi nikaubana mdomo, lakini mwenyewe akacheka, Shangazi. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu augue. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha.

Sasa kila akimaliza chai ya asubuhi anakaa na Kawthar na rekodi yao. Bi Ibtihal hakutuahidi kila kitu, ila anasema midomo inapata nguvu. Baba ameshasema "maji" na "bas", na juzi alimwita mwanangu Azzam kwa jina zima, kumkaripia kwa kuegesha gari mlangoni. Hakuna aliyewahi kukaripiwa akafurahi vile.

Nakuomba jambo moja tu. Siku mtakapozungumza, mngoje. Usimmalizie neno, hata ukilijua. Sisi tulikuwa tukimmalizia kwa mapenzi, na yeye akawa anaacha kusema.

Nisalimie Mahfudha na wanawe, na Ami Yaqdhan mwambie karafuu zake zimefika salama. Mungu akupe afya, akuhifadhi na kila baya, na atukutanishe kwa kheri.

Barua hii nimemsomea Baba kabla ya kuituma, maana inamhusu. Nilidhani atakasirika kwa hayo ya mate. Midomo ikawa inatafuta neno, nami nikajizuia nisimsaidie. Kisha akasema, neno moja, halafu la pili:

"Mize apige."

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,
Khulood