Mama Ameshuka Mtaani

Nyumba ya Roshani,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unalala umenyooka kama ubao, nikacheka, halafu nikajuta kucheka. Na baridi ya huko imepungua, au bado mnakaa na makoti ndani ya nyumba?

Sisi huku hatujambo. Kaka kitambi kinazidi kumtangulia, mume wangu anakoroma vilevile, nami bado nasaga vioo vya miwani za watu mpaka macho yangu mwenyewe yameanza kudai miwani. Mama ni mzima kuliko sisi sote, na habari zake ndizo zimenikalisha mezani leo. Vuta kiti, Mjomba, maana sitaki kufupisha.

Unajua hali yetu tangu akatwe mguu. Chini ni tanuri na meza za mikate ya Kaka, hakuna pa kuweka kitanda. Chumba chake kikabaki kulekule juu, na ngazi ni ileile uliyokuwa ukiserereka utotoni: nyembamba, kali, na ile kona katikati. Kila siku ya kliniki Kaka alishika mbele, mume wangu nyuma, na Mama katikati juu ya kiti cha jikoni, kafumba macho. Mwanamke aliyekuwa akiunganisha simu za mji mzima akawa anapata habari za mtaa wake kwa kuchungulia dirishani.

Halafu siku moja mume wangu aliteleza pale konani. Hakuanguka mtu, lakini kiti kiligonga ukuta na Mama akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Walipomrudisha juu alisema kwa sauti ya chini, "Basi. Sishuki tena. Mtakaponishusha, nitakuwa sijui kama nashushwa." Na kweli, kliniki iliyofuata hakwenda. Nayo iliyofuata hakwenda. Kidonda kikaanza kutoa maji.

Ndipo tukaamua kuweka lifti. Si unajua nyumba yetu imo katika majengo ya kale yanayolindwa, hata kubadilisha rangi ya mlango lazima uombe ruhusa. Tulimpata mchora ramani mmoja, dada mchangamfu ambaye Mama alimbatiza jina la Rula kwa sababu hata akinyoosha kidole kinanyooka kweli. Ramani ya kwanza ilikata kipande cha roshani ya mbele na kuisimamisha lifti upande wa barabarani. Kamati ya majengo ya kale ikakataa. Jirani yetu muuza saa naye alikuwa amepeleka pingamizi, kwamba roshani hii ikikatwa, kesho kila mtu atakata ya kwake.

Mjomba, nilichemka! Nilirudi nyumbani nikapanda ngazi nikiwatukana wote, kuanzia kamati mpaka saa za jirani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Hata mimi ningekataa. Mnataka kuivunja ile roshani baba yetu, mimi na mjomba wako, alikokuwa akikaa kutusubiri tukitoka shule? Kaeni mfikiri upya." Yaani tumpiganie yeye, naye yuko upande wa wapinzani!

Rula hakukata tamaa. Alizunguka nyumba nzima siku kadhaa, akagonga kuta, akapima, mpaka akasimama uani, pale tunapoanika nguo, akatazama juu. Lifti ikikaa pale, alisema, barabarani hakuna atakayeiona, na ngazi haiguswi hata kwa msumari. Shida moja tu: ili mtu aingie kutoka ushorobani huko juu, lile dirisha la vioo vya rangi lingetolewa na ukuta wa chini yake kukatwa pawe mlango.

Kamati ikasema itakuja kujionea yenyewe. Walikuja asubuhi, wakajaa ushorobani na makaratasi yao, Mama kakaa kwenye kiti chake cha magurudumu amevaa gauni lake la bluu na hereni. Mwenyekiti wao ni mzee mrefu mwenye tai, zamani alikuwa hakimu, na anaongea kama bado anatoa hukumu.

"Mama," alisema, "tunakuonea huruma. Lakini dirisha hili limekuwapo kabla ya halmashauri yenyewe kuwapo. Na ngazi mnayo. Vijana wako wana nguvu."

Mama akamjibu kwa ile sauti yake ya kazini, laini na isiyopingika. "Dirisha hilo nalipenda kukushinda, mwenyekiti. Nimelifuta vumbi tangu nikiwa msichana. Lakini umesema ngazi ninayo. Je, unaweza kunisaidia jambo dogo? Kaa kwenye kiti kile cha jikoni. Wanangu wakushushe kama wanavyonishusha mimi."

Mwenyekiti akacheka. Akatutazama, akaona hakuna aliyecheka naye. Akakaa.

Kaka akashika mbele, mume wangu nyuma, wakainua. Hatua za mwanzo mzee alijikaza, mikono mapajani, kama anayepigwa picha. Walipofika konani kiti kikalala upande, kama kinavyolala siku zote, tai ikaning'inia hewani, na mzee wa watu akakumbatia kishikio cha ngazi kwa mikono yote miwili.

"Basi, basi! Jamani, niteremsheni!"

"Bado nusu, mwenyekiti," Mama alimwambia kutoka juu. "Na daktari anakungoja."

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mimi ilibidi nijiume shavu. Mzee alipanda kurudi kwa miguu yake mwenyewe, akasimama mbele ya Mama akapanguza uso kwa leso. "Umekuwa ukishuka hivi?" aliuliza. Mama akaitikia kwa kichwa. Yule mzee akaandika, akaaga, akaondoka.

Kikao cha uamuzi kilikuwa cha wazi, katika ukumbi wa halmashauri. Mama hakuweza kwenda, kwa hiyo niliiweka simu yangu mezani ikiwa wazi, naye akasikiliza kutoka kitandani. Mambo hayakwenda kama maji, Mjomba. Dada mmoja wa kamati, anayefanya kazi makumbusho, alipinga moja kwa moja. Alisema hajawahi kuona dirisha jingine kama lile katika mji huu, na ukishalitoa hulirudishi. Alisema kweli, ndiyo maana niliogopa.

Kisha nani akainuka? Muuza saa! Nikamnong'oneza Kaka, "Tumekwisha." Lakini yeye akasema, "Pingamizi langu lilikuwa la roshani. Roshani imepona, nami naliondoa. Nimekaa karibu na mama huyu miaka yote, na siku hizi namwona mikono tu, ikifungua na kufunga dirisha. Kuhusu vioo, mnavitupa kwa nini? Dirisha lisogezwe zima, na fremu yake, liwekwe palepale ushorobani pembeni mwa mlango. Uani jua litaliona vilevile."

Rula tayari alikuwa anachora mgongoni mwa bahasha. Wakamzunguka, hata yule dada wa makumbusho akainama kutazama. Mwenyekiti akaitisha kura. Mikono ikainuka mmoja baada ya mwingine. Yule dada peke yake hakuinua, nami simlaumu. Maombi yakapita.

Mwenyekiti akaisogelea simu yangu. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwenyekiti. Ahsante. Sasa nakata, nataka kulia kidogo."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kaka alinikumbatia nusura anivunje mbavu, na muuza saa nilimshika mkono nikashindwa kuuachia.

Mafundi walimaliza mwezi uliopita. Dirisha limehama salama, hakuna kioo hata kimoja kilichopata ufa, na asubuhi rangi zake zinamwagikia mlango wa lifti. Ngazi yako haina mkwaruzo mpya. Kidonda nacho kinafungwa kila wiki kliniki, na daktari ameridhika.

Lakini siku ya kwanza ndiyo nataka uione. Mama aliingia lifti peke yake, akatukataza wote. Sisi tukakimbilia chini kwa ngazi kama watoto. Mlango ukafunguka, akatoka, akapita katikati ya meza za mikate, akafika mlango wa mbele. Kaka alikuwa ameshaweka kibao cha kumshusha kizingiti. Nikashika kiti nimsukume. "Toa mkono," akasema. Akazungusha magurudumu mwenyewe mpaka barabarani, akasimama, akainua uso akaitazama nyumba yake kutoka nje, roshani, milango, yote, muda mrefu. Kisha akageuka kushoto akaanza safari, na muuza saa akatoka dukani mbio kumfungulia njia, akiwafokea watu wa pikipiki wapishe.

Tangu siku hiyo hashikiki. Ukija, usipande juu kumtafuta. Muulize kinyozi wa hapa ng'ambo ya barabara, atakuonyesha amepita upande gani.

Nisalimie sana mke wako, na mapacha, na yule binamu yangu anayesomea udaktari. Kaka anakusalimu, mume wangu pia, na Mama anasema mgongo wako si kisingizio tena, lifti inabeba watu wawili. Mungu akulinde, akupe afya na safari njema ya kuja nyumbani.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye sana,
Kitinda