Raba za Siku ya Upatanisho

Melbourne, Jumapili

Mpendwa dada yangu Ilka,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na goti lako bovu. Natumaini joto la Sydney limeanza na umeacha kulilaumu hilo goti. Mimi mzima. Shemeji yako Imre anakula na anagombana na redio, kwa hiyo naye namhesabu mzima.

Uliniuliza kama tulifunga salama Siku ya Upatanisho. Nitakujibu, lakini kaa kwanza.

Unajua daktari alisema kisukari cha Imre hakiruhusu kushinda bila chakula na dawa. Siku moja tu yaweza kumpeleka makaburini. Rabi alikuja mwenyewe kumwambia kwamba kwa mgonjwa kama yeye, kula ndiyo amri. Imre akamcheka. Akamwambia, we kijana, mimi nilifunga kambini wakati wa vita huku nabeba mawe, leo nishindwe hapa penye friji? Rabi akaondoka ameinamisha kichwa. Mume wangu ni mkaidi, na nampenda hivyo hivyo.

Jumatano nikalipeleka jambo hili kwenye kundi letu la wanaouguza wenzi wao. Tunakutana ukumbini, pale sinagogi, tunakunywa chai, tunalia kidogo na kucheka sana. Bila wao ningekuwa nimekwisha. Frimet, ambaye mumewe huu ni mwaka wa nne hajainuka kitandani, akanikumbusha kwamba kumbukumbu za Imre siku hizi zinakuja na kuondoka. Akasema nimwambie siku imepita, na kwamba alifunga kama simba. Tena na mimi nile, maana muuguzaji akianguka, nani atamwinua mgonjwa?

Basi nikaificha kalenda kwenye sanduku la vyombo vya Pasaka, ambalo haliguswi hadi Aprili. Nikamwambia Imre Upatanisho ulikuwa wiki iliyopita. Akauliza mbona hakumbuki njaa. Nikamjibu hiyo ndiyo faida ya uzee.

Siku yenyewe ilipofika nilifunga mapazia, nikaandaa mayai, mkate na dawa. Dada, hapa ndipo ninapoungama: nilikaa naye, nikala. Mara ya kwanza kula siku hiyo tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Yai nililisukuma kwa chai, nikamtabasamia.

Yeye alikuwa anaitazama miguu yangu. Mazoea yana taabu: siku hiyo hatuvai viatu vya ngozi, na mimi bila kufikiri nilikuwa nimevaa raba zangu nyeupe, zile za mara moja kwa mwaka.

Alimeza dawa, akamaliza yai, akafuta sahani kwa mkate. Kisha akanishika mkono, akaniombea jina langu litiwe muhuri katika kitabu cha uzima, ile heri ambayo Upatanisho ukishapita haisemwi tena.

Sijutii, Ilka. Ukitaka kukasirika, njoo na hasira zako, na ile keki yako ya jozi usiisahau. Wasalimie wajukuu wote.

Imre anakusalimu. Anasema nikuandikie kwamba mwaka huu amefunga vizuri kuliko miaka yote.

Mdogo wako akupendaye,
Etelka