Mwenye Mapafu Yale

Baba yangu, shikamoo. Joto la Doha linachemsha hata kivuli. Jana binamu Rashidi, mlinzi hapa mtaa wa kifahari wa The Pearl, alimrudishia mwenye duka pakiti ya sigara yenye picha ya onyo ya mapafu yaliyooza: “Ya mapafu sitaki, sadiki, rafiki yangu. Nipe yenye picha nyingine.” Nilipomwuliza sababu, akacheka. “Mwenye mapafu hayo wameshamzika, dada. Mimi saa kumi naingia zamu.”

Nikaikumbuka picha kama hiyo niliyoibandika mlangoni pako. Nilidhani ninapigana na tumbaku, kumbe ninamzika mvutaji angali hai. Ibandue, Baba. Sikubali moshi ukuchukue, wala sitakutisha tena. Nikirudi, kila jioni hamu itakapokushika, tutatembea pamoja mpaka ipite.

Mwanao asiyekukatia tamaa,
Zuhura